Sweta Nyepesi ya Kubana Mwili: Raglani au Mkono wa Kupachikwa?

Sweta pana huficha makosa. Sweta nyepesi inayobana huyaanika yote: mkunjo wa kwapa, bega lililopwaya, pindo linalopanda kila ukiinua mkono. Wafumaji wengi huchagua saizi kwa kipimo cha kifua na kudhani kazi ya kupima imekwisha, ilhali sweta ya aina hii hushika mwili begani na kwapani kabla ya kufika kifuani. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni jinsi mkono utakavyoungana na mwili. Rangi, shingo na urefu vinaweza kusubiri.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni raglani, inayofumwa kwa mzunguko kuanzia shingoni kwenda chini, mikono na mwili vikikua pamoja kwenye mistari minne ya mshazari. Ya pili ni mkono wa kupachikwa: mgongo, mbele na mikono miwili hufumwa kama vipande, kila kipande kikiwa na umbo lake, kisha vinashonwa. Ipo na ya tatu iliyo katikati ya hizo, nayo tutaigusa.

Ili tofauti ionekane kwa hesabu, tumeshika mwili mmoja na uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Vipimo vya mwili kwa sentimita: kifua penye ujazo zaidi 92, kifua cha juu chini kidogo ya kwapa 87, kiuno 74, nyonga ya juu 93, mgongo kutoka mfupa wa bega moja hadi la pili 36, mkono wa juu 29, kifundo cha mkono 16. Uzi ni sufu ya merino yenye mita 400 kwa gramu 100, sindano ni ya milimita 3, na kipimo cha ufumaji ni vitanzi 28 kwa mistari 40 katika kila sentimita 10, kikipimwa baada ya kipande kufuliwa na kukauka. Kwa saizi hii tenga gramu 400. Mara nyingi zitabaki kidogo, na huo ndio uzi wa kutengenezea kiwiko kikitoboka.

Kwanza, sweta iwe ndogo kuliko mwili kwa kiasi gani?

Katika ufumaji bapa, yaani uso wenye umbo la V tupu, punguza sentimita 2 hadi 6 kwenye kifua. Sisi tumepunguza 4: 92 kutoa 4 ni 88, mara vitanzi 2.8 kwa sentimita, tunapata 246. Ukipunguza zaidi ya sentimita 8 hivi, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Vitanzi hufunguka na ngozi huonekana, pindo hupanda kwa sababu kitambaa kinachovutwa kwa upana hupungua urefu, na mistari ya nguo za ndani hujichora juu ya sweta.

Kiunoni usibane. Hapo ongeza sentimita 2 juu ya kipimo cha mwili. Kitambaa chembamba kikikishika kiuno, hujikunja mikunjo ya ulalo kila unapokaa, na mikunjo hiyo haiondoki unaposimama. Mkono wa juu unaweza kuwa mdogo kwa sentimita 1 bila shida: 28 mara 2.8 ni vitanzi 78.

Sasa angalia jinsi kosa dogo la kipimo linavyokula kazi yote. Ukipata vitanzi 27 badala ya 28 na ukafuma vile vile 246, sweta inafika sentimita 91, na ule ubanaji wa sentimita 4 umebaki 1. Kwa hiyo kipande cha majaribio kiwe kikubwa, sentimita 15 kwa 15 au zaidi, kifumwe kwa namna ile ile sweta itakavyofumwa. Kama ni mzunguko, nacho kiwe cha mzunguko, maana wafumaji wengi hulegeza mkono kwenye vitanzi vya nyuma na kipimo cha kwenda na kurudi hutoka tofauti na cha kuzunguka. Kifue, kikauke kabisa, kisha upime sentimita 10 za katikati, mbali na kingo. Uzi wa pamba au alpaka utundikwe ukiwa na vibanio kwenye pindo usiku mzima kabla ya kupimwa, kwa kuwa nyuzi hizo hurefuka kwa uzito wake zenyewe.

Raglani: inaonekana rahisi, ila hesabu yake ina mtego

Kanuni inayojulikana na wengi ni hii: ongeza vitanzi 8 kila mzunguko wa pili, viwili kwenye kila mstari wa mshazari, mpaka ufike kwapani. Hebu tuijaribu kwenye mwili wetu.

Mwili unahitaji vitanzi 246. Chini ya kila kwapa tunaanzisha vipya 8, kwa hiyo vinavyotoka juu ni 230: mgongo 115 na mbele 115. Mkono unahitaji 78, tukitoa 8 vya kwapa inabaki 70. Kina kutoka shingoni hadi kwapani ni sentimita 19, yaani mizunguko 76, na kwa kuwa tunaongeza kila wa pili, tunapata nafasi 38 za kuongeza. Kila nafasi huupa mgongo vitanzi 2, jumla 76. Kwa hiyo mgongo unaanza na 115 kutoa 76, sawa na 39, ambavyo ni sentimita 14 za shingo ya nyuma. Safi kabisa. Lakini mkono nao ukiongezwa 76 ilhali unahitaji 70 tu, ungepaswa kuanza na vitanzi hasi 6. Haiwezekani.

Hapa ndipo raglani nyingi za kubana huharibika. Mfumaji huona hesabu haikubali, anaanza mkono na vitanzi vichache, anaongeza kama kawaida, na mwisho mkono wa juu unakuwa mpana kwa sentimita 4 au 5 na kuning'inia kama kifuko chini ya kwapa. Au anaacha kuongeza mapema pande zote, na kifua kinabana kupita kiasi.

Dawa yake ni kuutenga mwili na mikono, kila upande uwe na kasi yake. Anzisha vitanzi 98: mgongo 39, mbele 39, kila mkono 10. Mwili uongezwe mara zote 38. Mikono iongezwe mara 30 tu. Nafasi 22 za kwanza ongeza kote, vitanzi 8 kwa mzunguko. Katika 16 zilizobaki, moja ongeza kote, inayofuata ongeza upande wa mwili peke yake, vitanzi 4. Ukifika kwapani una 115, 115, 70 na 70, na umbo limefuata mwili: mkono hutulia karibu na kwapa huku kifua kikiendelea kupanuka. Pete za alama ziwe za rangi mbili, moja ya upande wa mwili na nyingine ya upande wa mkono, la sivyo utachanganya mzunguko upi ni upi.

Raglani hutegemea idadi ya mistari kuliko njia nyingine yoyote, na hili halisemwi vya kutosha. Mizunguko 76 ikifumwa kwa mkono unaokaza, mistari 44 kwa sentimita 10 badala ya 40, kina kinakuwa sentimita 17.3 na kwapa linakata. Ikifumwa kwa mistari 36, kina kinafika 21, kwapa linashuka, na kila ukiinua mkono sweta nzima inapanda nawe. Vitanzi vyako vinaweza kuwa sahihi kabisa kwa upana na bado raglani ikakukataa. Kama kipimo cha upana kimekubali lakini cha mistari kimekataa, usibadilishe sindano. Badilisha idadi ya mizunguko, kisha gawa upya nafasi za kuongeza.

Shingo nayo inahitaji kazi. Raglani iliyoanzishwa na kuzungushwa moja kwa moja ina shingo sawa mbele na nyuma, na kola hubana koo. Ongeza mistari mifupi, yaani inayogeuzwa kabla ya kufika mwisho, jozi 5 upande wa nyuma, ikianzia kwenye mkono mmoja hadi mkono wa pili, kila jozi ikizidi iliyotangulia kwa vitanzi 4 au 5. Hiyo ni mistari 10, sentimita 2.5 za ziada mgongoni, na shingo ya mbele inashuka yenyewe. Ukitaka shingo iliyo wazi zaidi, sentimita 6 hadi 8 mbele, itabidi uanze kwa kwenda na kurudi ukiongeza kingo za mbele taratibu kabla ya kuunganisha mzunguko.

Uzuri wa raglani ni kwamba unaivaa ikiwa bado kwenye sindano. Hamishia vitanzi kwenye uzi mrefu, ivae, tazama kwapa limefika wapi, tazama kiuno kinaanzia wapi. Hakuna mchoro unaoweza kukupa habari hizo. Ukimaliza, kushona kunabaki kidogo tu: kufunga vitundu vya kwapani na kuficha ncha za uzi.

Na udhaifu wake? Haina mshono wa bega. Uzito wote wa sweta unaning'inia kwenye shingo, na shingo hupanuka kwa miezi. Kwa uzi mwepesi wa sufu tatizo ni dogo. Kwa pamba au alpaka ni kubwa, na sisi hatushauri raglani ya kubana kwa nyuzi hizo mbili.

Mkono wa kupachikwa: kazi zaidi, umbo sahihi zaidi

Hapa upana wa kifua na upana wa mabega ni vitu viwili vinavyopimwa mbali mbali, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mgongo wa kipande ni vitanzi 123, ongeza 2 vitakavyoliwa na mishono, jumla 125. Kati ya mabega tunataka sentimita 35 hivi, moja chini ya mwili, kwa sababu kitambaa kitavutika kidogo: vitanzi 97 na 2 vya mshono, yaani 99. Tofauti ni 26, kila upande 13.

Mkato wa kwapa uende hivi: funga vitanzi 6 mwanzoni mwa mistari 2 inayofuata, kisha 3 mwanzoni mwa mistari 2, kisha punguza kitanzi 1 kila upande katika kila mstari wa pili, mara 4. Endelea bila kupunguza hadi mkato uwe na mistari 72, sentimita 18. Shingo ya nyuma ichukue vitanzi 45, sentimita 16, na kila bega 27. Bega lishuke kwa ngazi tatu za vitanzi 9 kwa mistari mifupi, usilifunge kwa mstari mmoja ulionyooka. Mabega ya mtu huteremka, na bega lililofungwa sawasawa huacha kipembe cha kitambaa juu ya mfupa.

Sehemu inayotisha wengi ni kichwa cha mkono, ile kengele inayopanda juu ya kwapa. Kanuni ni moja tu: mzunguko wa ukingo wa kengele ulingane na mzunguko wa mkato, au uuzidi kwa sentimita 1, basi. Ikizidi zaidi, bega linavimba. Ikipungua, mkato unavutwa na kutoa mikunjo inayoelekea kifuani. Kwa mkono wetu wa vitanzi 80, pamoja na 2 vya mshono, umbo ni hili:

Funga 6 kila upande, kisha 3 kila upande, ili sehemu hii ilingane na ngazi za mkato wa mwili. Zinabaki 62. Punguza kitanzi 1 kila upande katika kila mstari wa pili mara 5, kila mstari wa nne mara 6, kisha kila mstari wa pili mara 4. Zinabaki 32 baada ya mistari 42. Funga 3 mwanzoni mwa mistari 4, kisha funga 20 vilivyobaki kwa mara moja. Kengele nzima ina urefu wa karibu sentimita 13. Ukipima nusu ya ukingo wake kuanzia juu ya zile ngazi za chini, utapata sentimita 17.6 hivi. Mkato wa mwili unakupa 17.5. Ndivyo inavyotakiwa.

Pima kwa tepu iliyosimamishwa kwa ubavu wake ikifuata mkunjo, usipime kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili inatosha kuharibu bega.

Wakati wa kushona, bana katikati ya kengele kwenye mshono wa bega kwanza, kisha kwapa kwa kwapa, kisha gawanya kati. Anza kushona begani ukiteremka upande mmoja, rudi begani uteremke upande wa pili. Anayeanza kwapani na kuzunguka hadi mwisho hukuta kitambaa kimebaki upande mmoja, na mkono hugeuka kuelekea mbele.

Kosa la mistari haliiumizi njia hii sana. Mkato ukitoka mfupi kwa sentimita moja, unafumua mistari michache ya juu ya kipande kimoja, unaurefusha, unaendelea. Kwenye raglani kosa hilo hilo liko katikati ya sweta yote. Mkono ukichakaa baada ya miaka, unaufungua peke yake na kuufuma upya. Ila huwezi kuijaribu sweta mpaka ufike mwisho. Unachoweza kufanya ni kubana vipande kwa pini juu ya nguo inayobana na kusimama mbele ya kioo, tena hilo lifanyike kabla ya kufuma mikono.

Basi nani achague ipi?

Tazama kwanza tofauti kati ya kifua na mabega. Kama mabega yanateremka na kifua hakijatofautiana sana na kifua cha juu, sentimita 5 au 6, kama huu mwili wetu, raglani inakaa vizuri na itakuokolea mishono. Kama mabega ni mapana na yamenyooka, mshazari wa raglani huvutwa kwenye mfupa wa bega, na mkono wa kupachikwa ni bora bila shaka.

Kifua kikubwa na mabega madogo ndipo tunaposisitiza zaidi. Chukua kifua cha sentimita 110. Sweta ya 106 ina vitanzi 298. Ukitoa 10 vya kila kwapa, mgongo unabaki na 139. Kina cha sentimita 21 ni mizunguko 84, nafasi 42, kwa hiyo shingo ya nyuma ingeanza na vitanzi 55, karibu sentimita 20. Shingo hiyo itateleza begani siku nzima. Ili ianze na 43 unahitaji nafasi 48 katika mizunguko ile ile 84: 36 za kila mzunguko wa pili, na 12 za kila mzunguko mfululizo karibu na kwapa. Inawezekana, na watu huifanya, lakini mkono wa kupachikwa hulimaliza jambo hilo ndani ya mkato: badala ya kupunguza 13 kila upande, unapunguza 26, na mabega yanabaki pale pale yalipo.

Tofauti ya kifua na kifua cha juu ikizidi sentimita 8, chagua saizi kwa kipimo cha kifua cha juu, kisha uongeze kitambaa mbele peke yake kwa mistari mifupi. Hili ni kwa njia zote mbili. Mfano, ukihitaji sentimita 4 za urefu zaidi mbele: mistari 16, yaani jozi 8, sentimita 2 hadi 3 chini ya ncha ya titi. Geuka vitanzi 8 kabla ya mshono wa ubavu, kisha kila jozi geuka vitanzi 5 ndani zaidi. Kati ya vitanzi 123 vya mbele, jozi ya mwisho inapita juu ya 37 hivi vya katikati. Bila hilo, pindo la mbele litapanda juu kuliko la nyuma hata sweta ikiwa na upana sahihi.

Njia ya tatu ni kufuma mwili kutoka mabegani kwenda chini ukiwa na mkato uleule wa kupachikwa, kisha kuokota vitanzi vya mkono kuzunguka mkato na kuunda kengele kwa mistari mifupi. Hakuna mkono wa kushona, na unaijaribu njiani. Tatizo lake liko kwenye kuokota. Mkono wetu unataka 78: 18 vinatoka kwenye ngazi za kwapa, na 60 vinatoka kwenye kingo zenye mistari karibu 136, takriban kitanzi 1 kwa kila mistari 2. Ukiokota vingi zaidi kengele inavimba, na usipovuta uzi vizuri kila unapookota, vitundu huonekana kwenye mstari wote wa bega. Kwa mtu anayechukia kushona lakini ana mabega mapana, hii ndiyo tungempendekezea.

Kiuno: kupunguza vitanzi au kufuma ribu

Kupunguza ni safi zaidi kwa macho. Weka pete za alama kwenye mbavu mbili, teremka mizunguko 16 kutoka kwapani, na katika wa 17 punguza vitanzi 4, kimoja kila upande wa kila pete. Rudia kila mzunguko wa sita hadi iwe mara 8: 246 inakuwa 214, sentimita 76. Fuma mizunguko 12 bila kubadilisha, kisha anza kuongeza 4 kila mzunguko wa sita, mara 9, ufike 250 kwa ajili ya nyonga. Fuma mizunguko 8 na umalizie kwa ribu, yaani vitanzi vya mbele na vya nyuma vikipokezana, ya sentimita 5 kwa sindano ya milimita 2.5. Mwenye mgongo uliopinda kwa ndani apunguze nyuma zaidi kuliko mbele, la sivyo kitambaa kitarundikana juu ya kiuno mgongoni.

Ribu ya 2 kwa 2 mwili mzima haihitaji umbo la kiuno kabisa, maana hujibana yenyewe. Hapo ubanaji ni mkubwa zaidi, sentimita 8 hadi 15 chini ya kifua. Pima kipande cha majaribio kikiwa kimevutwa kidogo tu, kama kitakavyovaliwa. Kipimo kikiwa vitanzi 32 na sweta ya sentimita 80, anza na 256, ambavyo vinagawanyika kwa 4. Ribu hukubali mwili unaobadilika uzito, na tungeipendelea kwa sweta ya kumfumia mtu usiyeweza kumpima vizuri. Ubaya wake ni kwamba hula uzi zaidi, hivyo ongeza angalau gramu 50, na kifuani mistari yake hufunguka huku kiunoni ikijifunga, jambo linalovuta macho kwenye kifua. Asiyetaka hivyo akae na ufumaji bapa. Ribu inahitaji uzi wenye kurudi. Ya pamba itakuwa imelegea kabla ya siku kwisha.

Uzi

| Uzi | Ukivutwa | Wa kuchunga |
|---|---|---|
| Merino ya nyuzi 3 au 4 zilizosokotwa kwa kukaza | Hurudi vizuri | Maji moto na kusugua huigandisha |
| Merino iliyotibiwa ili ifuliwe kwa mashine | Hurudi kiasi | Hurefuka ikilowa. Pima kipande kilichofuliwa tu |
| Sufu 75 na nailoni 25 kwa mia | Hurudi vizuri, imara kiwikoni | Ulaini hupungua kidogo |
| Merino na hariri nusu kwa nusu | Hurudi kidogo | Huanguka mwilini kwa uzuri, lakini kingo za ribu hulegea |
| Alpaka tupu | Hairudi | Ina joto kuliko unene wake, hurefuka |
| Pamba tupu | Hairudi | Nzito; inafaa kwa sweta isiyobana |

Uzi wa mshipa mmoja usiosokotwa na mwingine unapendeza ukiwa bado donge, lakini huota vinundu kwapani mapema sana na unaweza kuifanya sweta ya mzunguko ijipinde upande. Unyuzi wa sufu ukiwa mnene kupita maikroni 30 hivi huchoma ngozi, na sweta hii inagusa ngozi, kwa hiyo usipitishe chaguo kwa kugusa kwa vidole. Iweke shingoni, nyuma ya sikio, dakika kumi.

Ukitaka wepesi zaidi, uzi wa mita 800 kwa gramu 100 unatoa sweta ya karibu gramu 200. Kwa vitanzi 28 utakuwa na kitambaa cha kupenya mwanga. Kwa kisichopenya unahitaji 32 au zaidi kwa sindano nyembamba, na kazi inarefuka sana.

Mikono na shingo

Mikono haina siri. Kutoka vitanzi 78, fuma mizunguko 16, kisha punguza 2 kila mzunguko wa kumi, mara 14, ubaki na 50, sentimita 18 kwenye kifundo. Ikiwa ni ya vipande, ifumwe kutoka chini kwenda juu kwa hesabu ile ile iliyogeuzwa, pamoja na vitanzi 2 vya mshono.

Shingo ndiyo hupita kichwani, na kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 56. Ribu ya sentimita 2.5 inatosha. Ifunge kwa sindano ya kushonea ukipitisha uzi ndani ya kila kitanzi, kwa sababu ukingo uliofungwa kwa kuvusha kitanzi juu ya kingine hauvutiki vya kutosha. Usikate uzi mpaka kichwa kimepita na kola imerudi mahali pake. Kama imebaki wazi, fumua ufungaji, punguza kitanzi 1 kwa kila 10 katika mzunguko mmoja, ufunge tena.

Vipande vya mkono wa kupachikwa vilowekwe na kunyooshwa kwa pini kabla ya kushonwa, kila kimoja kwa vipimo vyake, maana kingo zilizojikunja hushonwa vibaya. Raglani huloweshwa ikiwa nzima, inakamuliwa ndani ya taulo na kulazwa bapa bila pini, na ribu zisivutwe hata kidogo. Iwe njia ipi, ikikauka pima kina cha kwapa kabla ya kupima kifua. Kikizidi kwa sentimita 1 hakuna haja ya kufumua. Kikizidi kwa 2 au zaidi, kwenye sweta ya vipande fungua bega na upunguze mistari 8. Kwenye raglani itabidi urudi hadi juu ya kwapa.